Je, madini na vitamini kwenye chakula cha mifugo ni vya lazima?

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za miradi za sharika, mbele ya wageni waliowakilisha wafadhili. Imefupishwa kidogo.)



 Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaitazama saa yake, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Mezani kwangu kuna barua mbili. Ya kwanza imetoka kwenye kamati ya usharika mmoja wa tambarare. Wanaomba mstari wa "premiksi na madini" ufutwe kwenye bajeti ya mwakani ili fedha hiyo isaidie kujenga banda la tatu la kuku. Hoja yao ni kwamba babu na bibi zetu walifuga bila kununua unga wa kopo, na kuku walitaga. Ya pili imeandikwa na marafiki zetu wa ng'ambo. Wao wanauliza, kwa upole sana, kama vitu hivi si kemikali tu, na kama sadaka za watu wao zinapaswa kuwanufaisha wauza dawa. Barua zimetoka pande mbili za dunia na swali ni moja, nami nimeona nilijibu hapa mbele ya wote.

Jibu langu ni kwamba baadhi ya viongezo hivi hatuwezi kuvikwepa, vingine ni kupoteza fedha, na kuna aina moja ambayo ningependa isionekane tena kwenye hesabu zetu. Ili kuvitenganisha, tuulize kwanza mnyama ni yupi, anaishi wapi, na anadaiwa nini kila siku. Lebo ya kopo haitatuambia hayo.

Nianze na hoja ya babu zetu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Kuku wa kienyeji wa bibi alitaga labda mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Alfajiri alifunguliwa, akashinda akichakura. Alikula mchwa, funza, majani mabichi, mbegu za magugu, vipande vya maganda na mchanga, na jua likampiga mgongoni siku nzima. Premiksi alikuwa anaichanganya mwenyewe. Sisi tumemleta kuku wa kisasa anayeweza kutaga mayai 280 na zaidi kwa mwaka, tumemfungia ndani ya wavu, na tumempa kile tu tunachomwaga kwenye chombo. Kazi ya kutafuta tumemnyang'anya, kwa hiyo imekuwa ya kwetu.

Ganda la yai moja lina uzito wa gramu 6 hivi, nalo karibu lote ni chokaa. Ndani yake kuna kalsiamu halisi gramu 2 na kidogo. Kuku hatumii kalsiamu yote anayoila. Hutumia nusu hivi, kwa hiyo anahitaji kula gramu 4 kila siku anayotaga. Kuku huyo hula chakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kama chakula hicho ni mahindi matupu, kalsiamu yote atakayoipata haifiki hata gramu 0.05. Pumba na mashudu huongeza kidogo sana. Gramu zinazobaki zitatoka wapi?

Zinatoka kwenye mifupa yake. Kwa muda kuku huendelea kutaga kwa kujikopesha mwilini, na mfugaji hufurahi kwamba chakula cha bei nafuu kinatosha. Kisha maganda huanza kuwa laini, mayai huvunjika kwenye trei, na siku moja unamkuta kuku amelala ubavu, miguu haimbebi. Kikundi kimoja cha akina mama kilipofika hapo, duka la dawa waliloliendea liliwauzia kwanza dawa ya minyoo, halafu dawa ya mafua, halafu antibiotiki. Afisa mifugo alipofika aliuliza swali moja: mnaweka chokaa kiasi gani? Walikuwa wanaweka bakuli moja kwenye gunia. Kinachotakiwa ni kilo 8 hadi 9 katika kila kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga. Mikopo ya akina mama wale inatoka kwenye mfuko wa mzunguko, na kila trei iliyovunjika ni rejesho ambalo mjane mwingine analisubiri.

Chokaa hiyo iwe ya mifugo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, au makombe ya baharini yaliyosagwa kama wanavyofanya wenzetu wa pwani. Chokaa iliyochomwa, ile ya ujenzi, huunguza. Na tusiwape matetea chokaa hiyo mapema wakiwa bado wanakua, maana kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Ngojeni mpaka waanze kuonyesha dalili za kutaga.

Fosforasi nayo ina ujanja wake. Mahindi na pumba zina fosforasi, lakini theluthi mbili hivi imefungwa ndani ya mbegu kwa namna ambayo tumbo la kuku haliwezi kuifungua. Viwanda vikubwa huongeza kimeng'enya cha kuifungua. Sisi tuna njia rahisi zaidi, ambayo ni kuweka DCP ya dukani au majivu ya mifupa. Nasisitiza neno majivu. Mifupa mibichi iliyopondwa inaweza kubeba kimeta, na hapa kaskazini hakuna asiyejua kimeta kinafanya nini. Ichomwe mpaka iwe myeupe na ivunjike mkononi, ndipo isagwe.

Sasa nije kwenye vitamini, ambazo ndizo marafiki zetu wanaziita kemikali. Huenda wengi hawajui kwamba elimu ya vitamini yenyewe ilianzia kwenye banda la kuku. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, akitafuta kijidudu cha ugonjwa wa beriberi. Kuku wake wa maabara walianza kupooza miguu. Baadaye wakapona wenyewe. Alipochunguza aligundua kwamba walipougua walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jikoni la hospitali ya jeshi. Kisha akaja mpishi mpya aliyekataa kuku wa kiraia kula wali wa jeshi, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na miguu ikapata nguvu. Kilichokuwa kimeondolewa na mashine ya kukobolea kilikuwa kwenye pumba. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel, na sehemu ya heshima ile nadhani ilimstahili mpishi.

Kwetu somo hilo liko karibu. Mahindi tunayoyapenda ni meupe, na mahindi meupe karibu hayana kabisa kile kiini cha njano ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kuku anayekula mahindi meupe, pumba na mashudu ndani ya wavu, bila jani bichi, atapungukiwa. Vifaranga navyo huonyesha upungufu mapema zaidi. Mkiona kifaranga anatembelea vifundo huku vidole vimejikunja kwa ndani, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, na kama mmechelewa hawezi kunyooka tena.

Je, premiksi inaweza kuepukwa? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kikundi chenye kuku 20 wanaotoka nje kila siku jioni, wanaoning'iniziwa mafungu ya mchicha na matembele, na wanaopata dagaa wa kweli, nisingekilazimisha kununua premiksi. Kikundi chenye kuku 200 waliofungiwa hakiwezi kuchuma majani ya kuwatosha kila siku hadi kiangazi kiishe, na sijaona kilichoweza. Premiksi nyingi huwekwa gramu 250 hadi 500 tu katika kilo 100 za chakula. Ni kiasi kidogo, na ndiyo maana hukosewa. Mtu humwaga kijiko hapa, kijiko pale, akageuza kwa koleo mara mbili, na kuku mmoja anapata ya watu kumi huku tisa wakikosa. Changanyeni kwanza na kilo moja ya pumba, kisha kilo kumi, kisha gunia lote. Na msinunue ya miaka miwili hata ikiuzwa nusu bei, kwa maana vitamini huharibika kwa joto, mwanga na unyevu, na mwisho mnabaki na unga wa rangi.

Kuhusu protini nitapita haraka. Siku hizi zinauzwa lisini na methionini kwenye mifuko midogo, na bei yake inauma. Hizo ni sehemu za protini ambazo mwili wa kuku hauwezi kuzitengeneza. Mashudu ya alizeti yana methionini ya kuridhisha lakini lisini ni kidogo. Soya ni kinyume chake. Vikichanganywa hivyo viwili, na dagaa kidogo wakiongezwa, mifuko hiyo haihitajiki kwa kuku wa mayai katika kiwango chetu. Anayeacha dagaa kabisa kwa sababu wamepanda bei, huyo atahitaji angalau methionini. Dagaa wenyewe wapimeni kwa kuwatia kwenye ndoo ya maji na kuangalia kilichotua chini. Tumewahi kununua mchanga wa Ziwa Victoria kwa bei ya samaki. Na kama dagaa wana chumvi, chumvi nyingine ipunguzwe, kwa maana jumla isizidi gramu 300 hadi 400 kwa kilo 100. Mashudu ya pamba tuwaachie ng'ombe. Yana sumu ya gosipoli inayowadhuru kuku na kuchafua rangi ya kiini.

Tuje kwa ng'ombe, na hapa baadhi yenu mtashangaa kwamba nitapunguza fedha. Ng'ombe ana tumbo kubwa lililojaa vijidudu wema, na hao humtengenezea vitamini zote za kundi B. Akila majani mabichi anapata vitamini A, na jua humpa D. Kwa hiyo ile chupa ya vitamini ya maji ambayo wafanyabiashara wanapita nayo nyumba kwa nyumba, wakimwagia ng'ombe mzima mwenye mabingobingo ya kijani mbele yake, haina kazi. Mwisho wa kiangazi kirefu, majani yakiwa yamegeuka makuti, hapo naweza kukubali. Na ndama mchanga ambaye tumbo lake halijakomaa anahitaji maziwa ya mama, hasa ya siku za kwanza, kabla ya chupa yoyote.

Ila vijidudu hivyo haviwezi kutengeneza madini. Lita moja ya maziwa hutoka na kalsiamu gramu 1.2 hivi na fosforasi inayokaribia gramu 1. Anayetoa lita 10 kwa siku, hesabu hiyo izidisheni wenyewe. Huku kwetu mlimani ng'ombe wengi hulishwa majani na magogo ya migomba, ambayo yana sodiamu kidogo mno. Ndiyo maana mnawaona wakilamba kuta na mikojo. Mwenye kulisha pumba nyingi amepata fosforasi, akakosa kalsiamu. Mwenye kulisha nyasi kavu zilizozeeka amekosa fosforasi, na ng'ombe wake ataanza kutafuna mbao na mifupa. Chumvi ya madini, gramu 100 hivi kwa siku kwa ng'ombe anayekamuliwa, ndiyo ninayoitetea kwenye bajeti.

Wako wanaosema magadi yanatosha. Magadi yana sodiamu, ni kweli, lakini hayana fosforasi, na magadi mengi ya kaskazini yana floridi nyingi. Tuna ndugu zetu wa upande wa Meru ambao meno yao yalibadilika rangi tangu utotoni kwa sababu ya floridi ya maji. Hatuna haja ya kuwaongezea ng'ombe mzigo huohuo.

Mnajua mpango wetu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mtamba asiposhika mimba, familia iliyompokea haina cha kulipa, na familia inayofuata kwenye orodha inaendelea kuangalia zizi tupu. Kukosa madini ni sababu mojawapo. Lakini nisiwadanganye kwamba ni sababu kubwa kuliko zote. Mara nyingi mtamba asiyepata joto ana njaa ya kawaida kabisa, mbavu zinahesabika, na hakuna jiwe la chumvi litakalomshibisha. Kabla ya madini, shamba la mabingobingo lipandwe na ndoo ya maji ijae. Aidha, ng'ombe anayeanguka siku ya kuzaa kwa homa ya maziwa anahitaji sindano ya kalsiamu kutoka kwa daktari wa mifugo haraka. Kumjaza chokaa miezi ya mwisho ya mimba kwa kudhani unamkinga huzidisha hatari hiyo.

Jambo moja kwa wanaofuga mchanganyiko: chumvi ya madini ya ng'ombe msiwape kondoo. Shaba iliyomo inamtosha ng'ombe na inamuua kondoo.

Nimeacha mwisho ile aina ninayotaka iondoke. Hadithi yake inaungana na ya vitamini. Wataalamu walijua muda mrefu kwamba kuku waliolishwa mimea mitupu hawakui vizuri kama wanaopata samaki au nyama. Mwaka 1948 siri ikafichuka: ilikuwa vitamini B12. Wakaanza kutafuta B12 ya bei nafuu, wakajaribu masalia ya kiwandani yaliyobaki baada ya kutengeneza dawa ya antibiotiki. Vifaranga wakakua kuliko ilivyotarajiwa, na ikaonekana kwamba ni ile dawa iliyobaki kwenye masalia iliyofanya kazi. Kuanzia hapo antibiotiki zikaingia kwenye chakula cha mifugo duniani kote, kwa wanyama wasiougua chochote.

Gharama imekuja kuonekana baadaye. Vijidudu vinavyozoeshwa dawa kidogo kidogo kila siku hujifunza kuishi nayo, kisha vinahamia kwa watu, na mtoto akiugua, dawa ileile haimsaidii. Wageni wetu wanaweza kushuhudia kwamba Sweden ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006, na Marekani mwaka 2017 iliacha kuruhusu dawa muhimu kwa binadamu zitumike kukuza wanyama. Mwaka huohuo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri wa kuachana nayo.

Kwetu hali ikoje? Nendeni kwenye mabanda. Utakuta pakiti ya "unga wa kuongeza mayai" inatiwa kwenye maji kila wiki. Nimesoma lebo za baadhi ya pakiti hizo: vitamini kadhaa, na katikati yake antibiotiki. Mama anayeitumia hajui kwamba anawapa kuku wazima dawa, wala kwamba mayai ya siku hizo hayapaswi kuliwa wala kuuzwa. Anajua tu kwamba jirani aliitumia na mayai yakaongezeka. Mara nyingi yaliongezeka kwa sababu ya vitamini, ambazo angezipata kwenye premiksi. Kuku mgonjwa atibiwe kwa maelekezo ya afisa mifugo, na siku za kusubiri zilizoandikwa zifuatwe. Kuku mzima asipewe.

Kuna unga mwingine unaouzwa kwa ajili ya sumukuvu, kwamba unainasa sumu tumboni. Aina fulani za udongo hufanya kazi hiyo kwa sehemu. Lakini tusiutumie kuhalalisha kulisha mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na ng'ombe akila sumu hiyo sehemu yake hutoka kwenye maziwa ambayo watoto wetu wanakunywa. Turubai la kuanikia na ghala lisilovuja vitafanya kazi kubwa zaidi.

Kwa hiyo, kwa kamati iliyoandika barua: banda la tatu nalitaka hata mimi. Lakini mabanda mawili yaliyopo yanataga chini ya uwezo wake, na kuongeza kuku wengine mia kwenye chakula kilekile ni kuongeza njaa. Jazeni chakula cha mabanda mawili kwa miezi sita, andikeni mayai kila siku kwenye daftari, halafu tuongee kuhusu saruji.

Bajeti iko ukurasa wa pili wa makabrasha yenu. Naomba mstari wa 6, chokaa, DCP, premiksi ya kuku na chumvi ya madini ya ng'ombe, ubaki kama ulivyo. Mstari wa 7, "dawa za kukuza na kuongeza mayai", pamoja na vitamini za maji za ng'ombe, naomba ufutwe wote, na fedha yake igawanywe kati ya chanjo ya kideri na mizani ndogo ya gramu kwa kila kikundi. Kila kamati iniletee pia nusu kilo ya chakula inacholisha sasa, kwenye mfuko mkavu wenye jina la usharika na tarehe, ili tupeleke maabara ya mifugo Temeke kabla ya mvua za vuli. Katibu ana fomu pale mlangoni. Sasa nipo tayari kwa maswali.